Kebo tai za kununua Dodoma: za juani, za ndani, na za kuziacha dukani

Ukiingia duka la vifaa vya umeme pale Majengo au Sabasaba ukaomba kebo tai, ile mikanda ya plastiki ya kufungia ambayo mkia hupitishwa kichwani ukajibana, muuzaji atakuuliza jambo moja tu: "Za urefu gani?" Unamwambia za sentimita 20, anakupa pakiti, unalipa, mnaagana. Kiangazi kimoja kikipita, neti ya kitalu imelala chini, waya wa kamera unaning'inia ukutani, na chini kuna vipande vya plastiki vinavyovunjika ukivigusa.

Urefu ni swali la mwisho. La kwanza ni kebo tai itakaa wapi, ndani au juani. La pili ni upana, maana nguvu ya kebo tai iko kwenye upana wake. Mtu wa Dar anaweza kulipuuza swali la kwanza na mambo yakaenda kwa muda. Mtu wa Dodoma, Bahi, Kongwa au Singida akilipuuza, kazi atairudia. Mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata hilo: nimeanza na kinachoua kebo tai huku kwetu, kisha namna ya kuzikagua dukani, halafu ndiyo orodha yenyewe, kuanzia ninayoona kila nyumba iwe nayo hadi ile ambayo ningemshauri ndugu yangu asiiguse.

Jua na ukavu

Kebo tai nyingi nzuri ni za nailoni 66, ambayo kwenye pakiti huandikwa PA66. Ni plastiki ngumu, haivutiki ovyo, na huyeyuka kwenye nyuzi joto 260 hivi. Kwa matumizi ya kila siku watengenezaji wengi huiandikia kikomo cha nyuzi 85. Ina maadui wawili wakubwa, na Dodoma inao wote wawili.

Wa kwanza ni jua. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, takribani digrii 6 kusini mwa ikweta, na mvua zikishaisha mwezi wa nne au wa tano anga hubaki jeupe hadi karibu na Desemba. Mionzi ya jua hukatakata nailoni polepole kuanzia juu kwenda ndani. Nyeupe huanza kugeuka njano, inapata nyufa ndogo ambazo jicho halizioni, halafu siku ya upepo inaachia. Kinga yake ni masizi ya kaboni, yaleyale yanayolifanya tairi liwe jeusi. Yakichanganywa kwenye nailoni kwa kiasi cha asilimia 2 hivi, yanaizuia mionzi isipenye. Ndiyo maana kebo tai za nje ni nyeusi.

Ila si kila nyeusi ni ya nje. Kiwanda kinaweza kutia rangi nyeusi ya kawaida ili bidhaa ipendeze tu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Pakiti ya kuaminika itaandika wazi kwamba ni ya kuhimili UV, yaani hiyo mionzi ya jua, au kwamba ni ya matumizi ya nje. Ikikaa kimya, ihesabu kuwa ni ya ndani.

Adui wa pili watu wengi hawamjui: ukavu wa hewa. Nailoni hunywa unyevu, na unyevu huo ndio unaoifanya ipinde bila kuvunjika. Kiwandani hufungwa kwenye mfuko ikiwa na unyevu wake. Ukiuchana mfuko Septemba hapa Dodoma, ukauacha wazi juu ya kabati wiki kadhaa, hewa yetu inafyonza sehemu kubwa ya unyevu huo. Ukija kuifunga, inapasuka shingoni, pale mkanda unapokutana na kichwa. Fundi atasema, "Hizi feki." Huenda ni kweli, lakini huenda pia ni kavu tu. Chukua chache uziloweke kwenye maji usiku mmoja, asubuhi zipinde. Zikirudia ulaini, nailoni yenyewe haikuwa na tatizo. Zikiendelea kukatika, basi fundi alisema kweli.

Kuna jambo linalonikera kidogo kuhusu maduka yetu. Kebo tai huning'inizwa mlangoni kama pambo, zikipigwa jua kutwa nzima, na anayezinunua anazikuta zimeshazeeka kabla hazijafunga chochote. Iwe ni kibanda cha barabarani au meza ya soko la wazi la Machinga, omba pakiti iliyokuwa ndani, kivulini, ambayo mfuko wake haujatoboka. Na ukinunua moja moja kutoka kwenye fungu lililo wazi, nunua za kutumia siku hiyohiyo.

Namna ya kuzikagua kabla ya kulipa

Anza na maandishi. Pakiti nzuri inataja nailoni 66, nyuzi joto inazohimili, na nguvu ya kuvuta kwa kilo, paundi au nyutoni. Ukiona pia 94V-2, hicho ni kiwango cha plastiki isiyoendeleza moto, na IEC 62275 ni kiwango cha kimataifa cha kebo tai zenyewe. Maandishi hughushiwa, najua. Lakini pakiti isiyo na maandishi yoyote zaidi ya urefu na idadi imeshakujulisha ilivyo.

Kisha pima upana. Hapa ndipo watu wanapopigwa. Pakiti inaandikwa 4 x 200, maana yake upana wa milimita 4 na urefu wa milimita 200. Kwenye biashara hii ni kawaida 4 kuwa 3.6 halisi, 5 kuwa 4.8, 8 kuwa 7.6 na 10 kuwa 9, na huo si wizi, ndivyo vipimo vinavyotumika duniani. Wizi unaanza pale 4 inapokuwa 2.8, au 8 inapokuwa 6. Rula ya mwanafunzi itakusaidia, ila kalipa, kile chombo cha kupimia unene, ni bora zaidi, na mafundi wengi wanayo mfukoni.

Upana ukiujua, nguvu unaijua. Kwa nailoni 66 ya kawaida, ya milimita 2.5 inahimili kilo 8 hivi, ya 3.6 kilo 18, ya 4.8 kilo 22, ya 7.6 kilo 54 au 55, na ya 9 karibu kilo 80. Urefu hauongezi hata kilo moja. Ya 4.8 yenye sentimita 15 na ya 4.8 yenye sentimita 40 zina nguvu ileile, kwa hiyo anayekuambia "chukua ndefu, ndiyo imara" anakuuzia plastiki ya kukata na kutupa.

Halafu omba moja uijaribu. Muuzaji mwelewa hatakataa. Ikunje katikati hadi pande mbili zigusane, ibane kwa vidole. Nzuri inapinda na kurudi, pengine itabaki na alama nyeupe kidogo pale ilipokunjwa. Mbaya inatoa sauti na kukatika. Ipitishe kichwani, ivute, kisha jaribu kuirudisha nyuma huku ukiitikisa. Kile kijino kilicho ndani ya kichwa kikiteleza hata tundu moja, iache. Angalia pia kingo: ukikuta plastiki iliyomwagika pembeni mwa kichwa, au mkanda ambao upande mmoja ni mnene kuliko mwingine, kalibu ya kiwanda hicho imechoka.

Kipimo cha mwisho unakifanya nyumbani, kwa glasi ya maji. Kata kipande, kizamishe kabisa kwa kidole ili mapovu ya hewa yatoke, kisha kiachie. Nailoni ni nzito kuliko maji, itazama. Kikielea, umeuziwa polipropilini, plastiki ya jamii ya vifuniko vya chupa na ndoo. Polipropilini ina kazi yake, nitaitaja chini, lakini haina nguvu ya nailoni, na ukiuziwa kwa jina la nailoni umeibiwa.

1. Nyeusi ya UV, 4.8 x 300

Kama utanunua pakiti moja tu mwaka huu, iwe hii. Inafunga neti ya kivuli kwenye nguzo, waya wa kuku kwenye fremu, kebo ya dishi kwenye mlingoti, bomba la maji kwenye ukuta, kibati cha namba cha bodaboda, na taa ya bajaji iliyopoteza skrubu. Kilo 22 zinatosha kwa karibu kila kitu cha nyumbani kisichobeba uzito wa kweli. Ikizidi urefu, unakata. Ikipungua, unaunganisha mbili, ya kwanza ikiingia kwenye kichwa cha pili.

Kwa nini 300 na siyo 200 ambayo ni rahisi zaidi? Kwa sababu ya bomba la inchi 2. Ndilo bomba la fensi na la mlingoti wa dishi ambalo utalikuta kila mtaa kuanzia Area C hadi Nkuhungu. Inchi 2 ni jina tu. Kwa nje bomba hilo lina milimita 60, na kulizunguka unahitaji milimita 189. Kebo tai ya 200, ukitoa sehemu inayoingia kichwani na mkia wa kushika, inaishia kwenye kitu cha milimita 50 hivi. Mtu ananunua pakiti nzima ya 200, anapanda ngazi, anagundua haifiki. Ya 250 inafika. Ya 300 inafika na unabaki na mkia wa kuvutia kwa praizi. Kanuni ya haraka: pima unene wa kitu, zidisha kwa 3.14, ongeza sentimita 8 au 10.

Kwa neti ya kitalu kuna la kuongeza. Upepo wa huku wa katikati ya mwaka haukatishi kebo tai kwa kuivuta mara moja. Unaitikisa saa nzima, siku nzima, mpaka mkanda unasagika dhidi ya waya au neti inachanika pale ilipofungwa. Usifunge kwa kubana sana. Acha nafasi ya kupitisha kidole, weka kebo tai nyingi karibu karibu badala ya chache zenye nguvu, na pale neti inapokutana na chuma chenye ncha, weka kipande cha mpira wa tyubu kwanza. Tyubu kuukuu utaipata kwa fundi baiskeli yeyote.

2. Nyeupe nyembamba za ndani, 2.5 x 100 na 3.6 x 200

Nimezipa nafasi ya pili kwa sababu kazi za ndani ni nyingi kuliko tunavyodhani, na hapa hakuna haja ya kulipia kinga ya jua. Waya za nyuma ya runinga, waya za inveta na betri zinazopita ukutani, waya ndani ya boksi la swichi, chaja za ofisini. Kebo tai zilibuniwa kwa kazi ya namna hii hasa: kampuni ya Thomas & Betts ya Marekani ilizitoa mwaka 1958 kwa jina la Ty-Rap, ili kurahisisha ufungaji wa maelfu ya nyaya ndani ya ndege, kazi ambayo awali mafundi waliifanya kwa kufunga mafundo ya uzi kwa mikono.

Nunua 2.5 kwa waya chache, 3.6 kwa fungu. Usiruke kwenda 4.8 kwa waya mdogo. Kichwa chake ni kikubwa, kinasumbua ndani ya boksi, na nguvu ya ziada inakushawishi ubane kupita kiasi. Ndani hakuna jua, lakini ukavu upo. Kwa hiyo hata hizi ziache kwenye mfuko wake.

Tahadhari moja ya umeme. Usiufunge waya wa ekstensheni ukiwa umeviringishwa kisha ukachomeka pasi au jiko. Waya uliokunjwa hivyo hautoi joto lake nje, unajichemsha wenyewe. Kebo tai hapo itakuwa imeshiriki kuanzisha moto.

3. Nyeusi pana, 7.6 x 370 au zaidi

Hizi ni za wenye uzio, banda, tangi, au bango la duka. Karibu kilo 55 kila moja. Zinafunga matawi ya fensi kwenye nguzo za miti, turubai la duka kwenye bomba, mpira wa maji wa inchi moja na nusu kwenye fremu ya tangi. Kichwa chake ni kinene, hivyo mkono mtupu hautoshi kuivuta ikakaa sawasawa. Shika mkia kwa praizi na uvute taratibu.

Bango linahitaji neno lake. Bango la turubai kwenye barabara kuu ya kwenda Singida linapigwa na upepo wa malori pamoja na upepo wenyewe. Toboa bango mapema na matundu hayo yawekewe pete za chuma, la sivyo kebo tai itabaki nzima na bango ndilo litakalochanika.

Bei ya hizi ni ya juu kwa pakiti, na pakiti nyingine si ya 100 bali ya 50 au 25. Hesabu kabla ya kulinganisha maduka.

4. Mkanda wa velkro

Huu ni ule mkanda wa kitambaa wenye vinyweleo vinavyonasana. Kwa kaya ya kawaida ungeshuka chini zaidi kwenye orodha. Nimeupandisha kwa sababu ya mji ulivyobadilika: ofisi za serikali za Mtumba, vyumba vya wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), maduka yenye kamera na ruta, wote wana mafungu ya nyaya za mtandao. Nyaya hizo ndani yake zina jozi za shaba zilizosokotwa kwa kipimo maalumu, na msokoto huo ndio unaozuia mawimbi yasiingiliane. Kebo tai ya nailoni ikibanwa na fundi mwenye haraka inaubonyeza waya, msokoto unaharibika, na kasi inashuka bila mtu kujua sababu. Nyaya za faiba ndizo zisizotaka kabisa kubanwa, maana ndani ni kioo.

Velkro haibani kupita kiasi, inafunguka ukitaka kuongeza waya, na inatumika tena na tena. Nunua roli ukate mwenyewe kuliko vipande vilivyokatwa tayari. Usiitumie nje: vumbi letu jekundu linaziba vile vinyweleo na inaacha kushika.

5. Za stenlesi

Hizi zinapendwa na watu ambao hawazihitaji. Ni mkanda wa chuma kisichoshika kutu, na kufuli lake lina kijipira kidogo cha chuma kinachoubana mkanda usirudi nyuma. Zinahimili joto la mamia ya nyuzi, hivyo mahali pake ni karibu na egzosi, kwenye jenereta, kwenye bomba la jiko, na popote panya au nyani wanapotafuna plastiki. Maduka yenye chaguo huuza daraja la 304 na la 316. La 316 ni ghali zaidi kwa sababu linastahimili chumvi ya bahari. Dodoma hatuna bahari. Chukua 304, labda kama kitu chenyewe kinasafirishwa kwenda pwani.

Kasoro yake ni ukali. Ukingo wa mkanda wa chuma unakata ganda la waya, na wakati wa kufunga unakata pia vidole. Kwa waya za sola hilo si jambo dogo. Paneli za juani hutoa umeme wa mkondo mmoja, ambao ukianza kuruka cheche hauzimiki kirahisi. Kama unataka chuma juu ya bati, tafuta zile zilizopakwa plastiki, au vibanio maalumu vya fremu za paneli.

Na kwa kuwa tumepanda juu ya bati, tumalize habari ya sola. Bati la mchana wa Oktoba huweza kuvuka nyuzi 60, na waya hukaa sentimita chache juu yake. Paneli hutarajiwa kufanya kazi miaka 25. Kebo tai ya nailoni, hata nyeusi ya UV, haiwezi kufika huko. Kuna aina ya nailoni 12, inayoandikwa PA12, ambayo hainywi unyevu mwingi na hivyo haiathiriki sana na ukavu, na hiyo ndiyo miradi mikubwa ya sola huipenda. Ukiipata kwa muuzaji wa vifaa vya sola, lipia tofauti. Usipoipata, weka 4.8 nyeusi, funga waya kwenye fremu upande wa kivuli chini ya paneli, viunganishi visilale kwenye bati, na ujue utazibadilisha.

6. Za kufunguka

Zina kile kiulimi kichwani, ukikibonyeza inaachia. Nzuri kwa mapambo ya harusi, kwa jukwaa, kwa nyaya za spika zinazofungwa Ijumaa na kufunguliwa Jumapili. Kwa kitu cha kudumu hazina maana, kwa sababu kiulimi kinachofunguka kwa kidole hufunguka pia kwa mtikisiko.

Kuna wanaofungua kebo tai ya kawaida kwa kusukuma kijino kwa sindano ili waitumie tena. Inawezekana. Lakini kijino kilichosukumwa hakishiki kama mwanzo, kwa hiyo ya namna hiyo ifunge mfuko wa mkaa, siyo kamera.

7. Kopo la rangi rangi

Lile kopo la plastiki lenye kebo tai nyekundu, kijani, bluu na njano za urefu tofauti. Linavutia, bei ni ndogo, na watoto wanalipenda. Mara nyingi ni nailoni iliyorudiwa au iliyochanganywa, upana haufiki ulioandikwa, na rangi hizo hazina masizi ya kaboni, hivyo jua linazila haraka. Kazi moja zinaifanya vizuri: alama. Nyekundu kwenye waya wa jenereta, bluu kwenye bomba la kisima, njano kwenye begi la safari stendi ya Nanenane. Ukiwa na kazi hiyo, nunua. Vinginevyo pesa hiyo iongezee kwenye pakiti nyeusi.

Mahali ambapo kebo tai haitakiwi

Mzabibu. Ukitembelea mashamba ya Hombolo au Mpunguzi utaona kishawishi kilivyo kikubwa: miche mingi, waya umetandazwa, na kebo tai inafunga kwa sekunde mbili. Lakini shina linanenepa na nailoni hailegei. Inazama kwenye gome, inakata njia ambayo chakula kutoka majani hushukia kwenda mizizini, na mzabibu unadhoofika wakati mkulima anahangaika na dawa za magonjwa. Kamba ya mkonge ifungwe kwa umbo la nane, shina kwenye tundu moja na waya kwenye jingine. Mkonge utaoza kabla shina halijabanwa, na hapo kuoza ndiko kunakotakiwa. Kebo tai kwenye shamba hilo iachiwe mpira wa umwagiliaji wa matone, kuushikiza kwenye waya wa chini, bila kuubana ukaziba maji.

Mzigo wa bodaboda. Kreti, gunia, godoro, jiko, vyote vinataka mpira wa tyubu au mikanda, kwa sababu mpira unavutika na kurudi kila gurudumu likiingia shimoni. Nailoni haina mrejeo huo. Inashika, inashika, kisha inaachia yote kwa mpigo mmoja. Zile kilo zilizoandikwa kwenye pakiti ni za kuvutwa polepole maabara, si za kurushwarushwa barabara ya vumbi. Kwa sababu hiyohiyo usining'inize kitu juu ya vichwa vya watu kwa kutegemea kebo tai.

Betri za maji. Tindikali ya betri inakula nailoni. Kwenye boksi la betri za inveta za aina hiyo, au karibu na betri ya gari inayovuja, ile polipropilini iliyoelea kwenye glasi ndiyo inayofaa.

Nondo na msingi wa nyumba. Kuna wanaojaribu, nimeona. Waya wa kufungia nondo ni rahisi zaidi, haujali jua, na fundi anaufunga kwa kasi ileile.

Na ule waya wa TANESCO unaotoka nguzoni kuja nyumbani si mahali pa kushikiza kitu chako chochote.

Kufunga na kukata

Upande wenye meno ukae ndani. Vuta mpaka kitu kitulie, basi. Kinachouma mikono zaidi kwenye kazi hii ni mkia uliokatwa kwa mkasi ukabakiza ncha ya milimita mbili: ncha hiyo ni wembe, na atakayeikuta ni mtu anayepapasa gizani kutafuta swichi. Kata kwa koleo lenye meno bapa, sawasawa na kichwa, au tumia kikatia kucha, ambacho kwa kebo tai nyembamba kinafanya kazi nzuri ajabu. Vipande vilivyokatwa viokote, hasa kwenye nyumba yenye mbuzi na kuku. Wanyama hawa hawachagui.

Pakiti ukishaifungua, toa unazotaka, toa hewa, kunja mdomo wa mfuko na uufunge. Kuanzia Agosti weka ndani kipande kidogo cha kitambaa chenye unyevu, kisichochuruzika. Usinunue pakiti tano kwa sababu muuzaji amepunguza bei. Nunua unazozimaliza ndani ya mwaka, kwa sababu hata mfuko uliofungwa unapoteza unyevu wake polepole.

Za nje zikague mara moja kwa mwaka, mwezi wa tano, kabla upepo haujashika kasi. Zipinde kidogo kwa kidole. Yenye nyufa ikate uweke mpya palepale. Anza na ukuta wa kaskazini: kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana huku kwetu linapita upande huo, na za upande wa kusini mara nyingi utazikuta bado zinapinda.